Suti ya Bluu ya Mheshimiwa

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Panda, mtaa wetu wa wafanyakazi wa kiwanda, mpaka chama chake kilipomteua kwenda Kinshasa, kwenye bunge la mpito. Siku hizo mishahara ya kiwandani ilikuwa imekauka, lakini wanachama wa mtaa wetu walichanga wakamshoneshea suti ya bluu kwa fundi wa Kikula, mtaa jirani. Walisema hawawezi kuwakilishwa na mtu mwenye viwiko nje.

Haukupita muda mrefu, redio ikatutangazia kwamba amehamia chama cha upande wa pili, kile kile alichokuwa akikitukana uani kwetu. Aliporudi likizo, alifikia kwetu. Baba, mwanachama mwaminifu, alimpokea kwa heshima zote asimuulize kitu. Mama ndiye aliyeuliza, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Yaya, bantu balikutuma kule. Kiti si yabo?"

"Kiti ni ya taifa," mjomba akajibu. "Sheria haisemi mbunge akihama anakipoteza."

Hakudanganya. Sheria ilikuwa kimya, naye alijua kuufasiri ukimya.

Jumapili baada ya misa wanachama wakaja, wakiongozwa na mwenyekiti wa mtaa, mzee mstaafu wa reli. Mjomba, akiwa amevaa suti ile ile ya bluu, akawaonyesha kadi yake ya bunge.

"Miye niko na imunite. Hata polisi hawezi kunigusa bila bunge kuruhusu."

Mwenyekiti aliisoma kadi pande zote mbili, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Honorable iko na imunite," akasema taratibu, akiinyooshea suti kidole. "Kostime haina nayo."

Hakuna aliyecheka. Mjomba akaigeuza kadi mkononi, kama anayetafuta kifungu cha sheria kinachotaja suti. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ovaroli ya baba mwilini, suti ameikunja vizuri mkononi. Akawakabidhi, wakamshukuru. Mama akasonga bukari, ugali wetu, tukala sote na sombe ya majani ya muhogo, wanachama na mhamaji wao, tukizungumzia mvua.

Alirudi Kinshasa na sweta ya baba. Tulisikia kwamba chama kipya kilimpa suti mbili.

Vita vilipofika na bunge likavunjwa, mjomba alirudi Panda bila chama chochote. Akaanza kuuza sabuni sokoni Kikula, akivaa koti la kijivu la mojawapo ya zile suti mbili hata jua likiwa kali. Wateja walimwita Honorable, wengine kwa utani, naye aliwaitikia wote kwa sauti ile ile. Mama alinunua sabuni kwake tu, na hakuwahi kumwomba apunguze bei.