Bao Lilipoanguka, Nilimtaja Shemeji

Nianze na kosa lenyewe, usije ukanionea huruma njiani. Kazi yangu mbovu ilimvunja mzee wa watu mguu, nami nikasema kaifanya mtu mwingine. Mtu huyo ni kaka wa mke wangu.

Nilihangaika miaka mingi kwenye mashimo ya dhahabu Rwamgasa. Shimo moja likanipa, nikajenga Nyasubi, hapa Kahama, nyumba yenye geti na baraza ya vigae. Tangu hapo nikajiona najua kila kitu. Asiye na nyumba kama yangu, maneno yake yalikuwa kelele tu.

Masanja, shemeji yangu, ndiye niliyemdharau kuliko wote. Aliishia darasa la nne huko Kishapu, akajifunza useremala, akaja kufungua banda mtaa wa pili kutoka kwangu. Asubuhi akipita ananisalimia Kisukuma, "Wangaluka, shemeji." Namjibu, "Hapa ni mjini, bwana. Sema habari za asubuhi." Anacheka, anaenda kazini kwake. Nilidhani anacheka kwa sababu ni mjinga.

Basi nikataka bao la kete. Sikutaka lile dogo la kuweka juu ya kigoda. Nilitaka bao refu kuliko kitanda, lisimame kwa miguu kama meza, kila shimo kubwa kama bakuli, wazee wa mtaa waje kuchezea barazani kwangu.

Mke wangu akasema, "Baba Neema, si umpe kaka hiyo kazi?"

Nikamjibu, "Kaka yako atengeneze vitanda vya wapangaji. Hili natengeneza mwenyewe."

Nikaangalia video kwenye simu, nikanunua patasi, randa na grenda. Nikanunua na ubao wa mninga mnene, wanaume wanne ndio waliouingiza uani.

Masanja akaja kuutazama. Nilikuwa nimekaa na majirani wawili, tunakunywa soda zangu. Akaugonga ubao kwa kidole, akainama kuangalia miguu niliyokwisha kuichonga.

"Shemeji, huu bado mbichi, uache kwanza ukauke. Na miguu hii ni myembamba kwa uzito huo. Angalau uifunge kwa mbao huku chini, isije ikatanuka."

Nikamwambia, "Masanja, wewe hata jina lako unaliandika kwa shida. Leo unifundishe mimi?"

Wale wawili wakacheka. Masanja akajifuta mikono kwenye suruali, akaaga, akaondoka.

Nikachonga mwezi mzima. Mashimo mengine yalitoka na kina, mengine bapa kama sahani. Mguu ukicheza naongeza gundi, ukicheza tena naongeza msumari. Mwisho nikapaka vanishi mpaka uchafu wote ukang'aa.

Jumapili moja mchana nikaalika mtaa. Mzee Idd, muuza vitambaa anayeheshimika kwa bao Nyasubi nzima, ndiye aliyekaa kufungua mchezo. Watu wakaegemea kutazama. Hata kete za kwanza hazijaisha mkononi mwake, nikasikia misumari inang'oka. Miguu ya upande wake ikatanuka, na ule ubao wote ukashuka juu ya mguu wake wa kulia.

Ule mlio wa mzee sitausahau.

Hospitali wakasema mifupa imevunjika sehemu mbili. Mwanawe akatoka chumbani, akaniuliza mbele ya watu wote pale koridoni, "Nani alitengeneza kitu hiki?"

Nikasema, "Mashimo nilichonga mimi. Miguu aliitengeneza shemeji yangu, yule fundi. Nilimwamini."

Neno lilitoka jepesi, kama nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Wale majirani wawili waliosikia onyo la Masanja walikuwepo. Mmoja akatazama sakafu, mwingine akatoa simu. Ndio marafiki niliowachagua. Mke wangu alikuwa ameshika viatu vya Mzee Idd.

Haikupita wiki, mama mmoja akaenda kwa Masanja kudai kitanda chake hata kabla hakijaisha. Shule iliyokuwa impe kazi ya madawati ikatafuta fundi mwingine. Ndipo akaja getini kwangu.

"Shemeji, nasikia ile miguu niliitengeneza mimi."

"Watu wanasema mengi."

"Nakuuliza wewe."

Nikamwambia asubiri mzee apone, nitalisawazisha. Sikulisawazisha. Nilingoja mpaka akafunga banda, akapakia vifaa vyake, akarudi Kishapu kulima pamba.

Mke wangu aliniambia maneno machache. "Dharau yako niliijua siku nyingi. Uoga wako ndio sikuujua." Sasa anaongea nami kukiwa na wageni tu.

Mwezi uliopita nikaenda Kishapu na sukari na khanga za mama mkwe, nikijiona muungwana. Nilimkuta Masanja shambani. Nikamwomba msamaha pale pale kwenye matuta. Hakuacha kuchuma.

"Watu wa Nyasubi umewaambia?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia nini? Mimi najua kwamba sikuitengeneza."

Halafu akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza mpaka stendi, akasubiri nami mpaka gari ikaja. Ningetukanwa ingekuwa nafuu.

Mzee Idd siku hizi anatembea na fimbo. Juzi nilimwamkia sokoni, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba vizuri tu, akauliza, "Yule fundi wako mbovu alikimbilia wapi?"

Nikasema, "Kwao."

Ndiyo, hata juzi nilisema hivyo.

Wewe unayesoma, kama umemchafua mtu mbele za watu, usiende kumnong'oneza samahani shambani ambako hakuna anayesikia. Hiyo ni kujipoza mwenyewe. Rudi pale pale uliposema, kwa wale wale waliosikia, na useme mapema, kabla mwenzio hajafunga banda.

Mke wangu amesoma haya kabla sijayatuma gazetini. Akasema, "Weka jina lako."

Sijaweka.