Masikio Yaliyopakwa Mafuta

Desemba iliyopita nilipanda kwetu mlimani, juu ya Kwa Sadala, kama tunavyopanda wote mwisho wa mwaka, na wa kwanza kunipokea alikuwa sungura. Mweupe, amekaa kwenye banda la mbao nje kwa jirani, anatafuna jani kama mtu asiye na kesi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye sikio lake. Nikapangusa kwa kidole, nikanusa. Nikapangusa na la pili. Wenzangu wakifika nyumbani hukimbilia mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi hukagua masikio ya sungura. Kaa hapo nikwambie kwa nini.

Nilikuwa darasa la nne, naishi na bibi mzaa baba katika kihamba, shamba la ukoo, chenye migomba iliyobanana hadi jua lilikuwa linaomba ruhusa kuingia. Asubuhi ilianza na mlio wa maji ya mfongo, mfereji wetu, yakipita nyuma ya jiko, kisha moshi, kisha sauti ya bibi ikinitaja mimi na mundu kwa pumzi moja, maana ng'ombe hali sala. Jioni kulikuwa na kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa hadi yakawa ndugu. Kati ya asubuhi na jioni nilikuwa na kitu kimoja tu kilichoitwa changu: sungura jike, Pamba. Nilimpata kwa mwalimu wangu kwa mizigo kumi ya majani. Mwalimu alianza na kumi na mbili, nikamkumbusha kwamba mzigo wangu hufungwa kwa kamba mbili, akacheka akakubali.

Pamba alihitaji dume, na dume lilikuwa ng'ambo ya ua wa masale, kwa jirani, mama mmoja aliyejua kusifu kitu chake mpaka kitu chenyewe kikaona haya. Masharti yalikuwa ya kawaida kwetu: dume anakuja kwako siku mbili, akizaa jike lako, mtoto mmoja ni wa mwenye dume.

"Angalia masikio hayo," jirani alisema. "Yanang'aa kama viatu vya mchungaji."

Yaling'aa kweli. Bibi alikuwa na msemo, "Kinachong'aa kiguse," lakini siku hiyo alikuwa shambani, na mimi nilidhani najua biashara.

Wiki ya tatu Pamba alianza kutikisa kichwa. Kisha akajikuna kwa mguu wa nyuma, usiku na mchana, mpaka banda likawa linagonga kama mlango wa mgeni. Ndani ya masikio pakaota magamba ya kahawia, yamepangana kama maganda ya kitunguu. Manyoya yakaanza kutoka shingoni, kisha puani, kisha kwenye vidole. Nilihesabu mabaka, saba. Nikahesabu tena, saba. Siku iliyofuata yalikuwa tisa. Mimba haikuonekana. Mikono yangu nayo ikawasha, na darasani mwenzangu wa dawati akahamia kwenye dirisha.

Nilikwenda kwa jirani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto wangu wa sungura amezaliwa?"

Nikamweleza. Akashika kiuno. "Yee mae! Uchafu wa banda lenu unanisingizia mimi? Mwambieni huyo bibi yenu afagie!"

Akamwambia na kila aliyekwenda kuteka maji. Hilo ndilo lililoniuma kuliko upele. Banda lile nililifagia mara mbili kwa siku.

Bibi alimtazama Pamba, akanipa Jumapili tatu. Asipopona mpaka Sikukuu ya Mavuno, anazikwa shinani mwa mgomba, maana mgonjwa wa namna ile haliwi wala hatolewi sadaka. Nilikuwa nimeahidi kanisani mtoto wake wa kwanza. Sasa nilikuwa napigania mama.

Aliyemwokoa ni bwana mifugo, aliyekuja kumchoma sindano ng'ombe wetu. Alimwinua Pamba, akachungulia sikioni. "Hawa ni wadudu wa upele. Amewatoa kwa mwenzake. Usimwogeshe, sungura akilowa kwa baridi hii umemuua. Na usibandue magamba, utamtoa damu." Akatuagiza kiberiti upele, ule unga wa njano wenye harufu ya yai viza, tuuchanganye na samli. Tukapaka kila baada ya siku chache. Majani ya kulalia tukayachoma, mbao tukazimwagia maji ya moto, chini tukatandika majani makavu juu ya jivu la jikoni. Magamba yalilainika yakaanguka yenyewe. Mabaka yakawa sita, manne, mawili. Juu ya ngozi ya waridi pakatokea vinyoya laini kama ukungu wa asubuhi. Nilivihesabu pia, nikashindwa, nikafurahi kushindwa.

Samli ndiyo iliyonifumbua macho. Nilipompaka Pamba masikioni, yaling'aa. Yaling'aa kama viatu vya mchungaji.

Kuanzia hapo sikuwa mtoto tena, nilikuwa mahakama.

Sikukuu ya Mavuno ilifika. Kwetu, baada ya ibada, sadaka za shamba hunadiwa nje ya kanisa: mikungu, mayai, kuku, maboga. Jirani alileta lile dume, masikio yanameremeta. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akalinyanyua juu. "Aisee, tazameni mnyama! Nani anamtaka? Mara ya kwanza..." Watu wakapandishiana bei. Nami nikapenya mpaka mbele, nikamwomba mzee nilishike kidogo, nikatoa leso yangu nyeupe ya Jumapili, nikazungusha ndani ya sikio. Nikazungusha na la pili, kwa haki. Kisha nikaipeperusha leso. Magamba yalitua kwenye viatu vya waumini.

Kimya kile bado nakisikia, na bado ni kitamu. Jirani alibeba dume lake akaondoka bila kuaga.

Nilidhani bibi atanisifu. Alinisubiri nyumbani amesimama kwenye ua. "Yeye alikukosea wewe. Wewe umemvua nguo mbele ya Mungu, kwenye sadaka. Chuma isale umpelekee."

Kama wewe si wa kwetu, isale ni lile jani refu la ua. Ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukataa kusamehe. Nawe huwezi kulibeba na kinyongo. Nilichuma lililonyauka kuliko yote. Bibi akalitazama, akanirudisha. Nikachuma la kijani.

Jirani alilipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Yameisha," alisema. Kisha, taratibu, "Na sungura wako mlimpaka nini mpaka akapona?"

Jani lilikuwa bado lina joto la kiganja changu.

"Maji ya mfongo," nikamwambia. "Na sabuni ya kufulia. Asubuhi na jioni."

Ilikuwa miezi ya baridi, mlima umejifunika hadi shingoni. Wiki haikuisha, kugongagonga kwa mabanda ng'ambo ya ua kukaisha. Bibi alikufa anajua nilipeleka isale. Hakujua nililipeleka na nini.

Basi Desemba iliyopita, kidole changu kikiwa sikioni mwa yule mweupe, nilisikia kicheko nyuma yangu. Jirani, mzee sasa, ameegemea fimbo.

"Pangusa, pangusa. Tunakujua."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni makavu, eh? Siku hizi nawapaka kiberiti upele." Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Maji yaliniulia watano."

Alilisema kama anayesimulia mvua ya mwaka juzi. Masikio yalikuwa safi, yote mawili, na nakwambia ukweli, sehemu fulani ndani yangu ilitamani kukuta uchafu.

Nikamwomba ruhusa, nikatoka. Nilizunguka mpaka wetu kutafuta ua. Mfongo umekauka, na pale palipokuwa na masale pamejengwa ukuta wa tofali, umepigwa plasta pande zote mbili. Nikazunguka mara ya pili, niwe na hakika. Hakukuwa na jani hata moja la kuchuma.