Bi Hodi na makomeo kumi na sita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mhudumu wa zamu anasimama mbele ya chumba namba sita, trei ya dawa mkononi. Anagonga, anapiga hodi, kisha anasikiliza. Anabadilisha mguu wa kuegemea, anagonga tena.

"Nani?" sauti inauliza kutoka ndani.

"Ni mimi. Nimeleta dawa zako."

"Ngoja nivae."

Anangoja. Mwenzake wa zamu, mwanamume mnene mwenye haraka zake, anapita na ndoo ya maji na kumtania, "Kwa mwendo huu chai tutainywa mchana, Bi Hodi."

Jina hilo alipewa na wakazi wa nyumba hii, watu wazima kumi na watano wanaoishi na maradhi ya akili. Ukiingia utakuta sakafu imepigwa deki, mashuka ni safi na daftari la dawa limejazwa bila kuruka siku. Mkaguzi akija na fomu zake, anaondoka ameridhika.

Bi Hodi, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, ana kipimo chake mwenyewe. "Mimi nauliza kitu kimoja tu," anasema. "Huyu mtu akitaka kukaa peke yake, anaweza?"

Kipimo hicho alikipata kwa kukosea. Katika mwaka wake wa pili kazini, aliingia chumbani kwa mkazi anayeitwa Mwalimu, aliyewahi kufundisha shule ya msingi, wakati mwenyewe yuko bafuni. Alitaka kumfanyia usafi wa nguvu. Chini ya kitanda alikuta rundo la magazeti ya zamani, akayabeba yote hadi kwenye pipa. Saa nne gari la taka likapita.

Kumbe pembezoni mwa kurasa zile Mwalimu alikuwa akimwandikia binti yake barua, kwa muda wa miaka sita.

"Mimi huku najisifu moyoni kwamba leo nimefanya kazi," anasema. "Wala hakunigombeza. Alikaa tu kitandani anatazama pale chini. Siku kumi na tisa hakunisemesha. Nilikuwa naenda chooni nalia, nanawa uso, narudi kazini."

Tangu hapo haingii chumba cha mtu bila kukaribishwa. Alimwandama msimamizi wa nyumba, muuguzi mstaafu, mpaka kila mlango ukawekwa komeo kwa ndani, milango kumi na sita kwa jumla.

"Alinisumbua huyu," msimamizi anasema. "Ilifika mahali nikimwona anakuja najifanya naongea na simu."

Yote hayo kwa mshahara unaoishia kwenye kodi ya chumba, nauli na ada ya mtoto mmoja. Mtoto wa pili anasomeshwa na mjomba wake.

Mwezi uliopita mambo yalikwenda kombo. Mwalimu aliteleza chumbani kwake akaanguka, na komeo lilikuwa limefungwa. Wahudumu walihangaika na mlango dakika kumi na moja kabla ya kuuvunja. Walimkuta amevunjika mkono.

Msimamizi hakuzungusha maneno: makomeo yote yang'olewe kabla ya wiki kwisha. Ni vigumu kumlaumu. "Angepiga kichwa chini tungekuwa tumezika," anasema. "Ningewaambia nini ndugu zake? Kwamba mlango ulikuwa umefungwa?"

Bi Hodi hakubishana naye. Jioni alikwenda kwa seremala, akarudi na komeo la aina nyingine, ambalo kwa nje lina mfuo mwembamba. Ukichomeka sarafu na kuzungusha, linafunguka. Likafungwa kwenye mlango wa Mwalimu, namba sita, kwa majaribio, na msimamizi akaitisha kikao ukumbi wa chakula siku ya Jumanne.

Wahudumu walipokaa, Bi Hodi aliomba wakazi nao waitwe. Kuna aliyeguna, lakini waliitwa. Mwalimu alikuja mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, akaulizwa anaonaje.

"Aliyeanguka ni mimi," alisema. "Mlango haukuanguka."

Watu walicheka, hata msimamizi. Mwalimu hakucheka.

"Tangu mvunje mlango wangu nalala na viatu," aliendelea. "Sijui nani ataingia."

Msimamizi aliinuka, akaenda chumba namba sita, akaomba ruhusa kwa mwenye chumba, akajifungia ndani. Akaita wafungue. Yule mhudumu mnene alitoa sarafu mfukoni, na mlango ukafunguka kabla hajamaliza kulalamika kwamba mfuo ni mdogo.

"Fungeni ya aina hii milango yote," msimamizi alisema alipotoka. "Ila asiyeitika hodi ya tatu, mnafungua."

Nilipomuuliza Bi Hodi kwa nini ameling'ang'ania jambo hili kiasi hicho, alinieleza habari za kaka yake mkubwa. Alianza kuugua akiwa kijana, na nyumbani wakamfungia chumbani kwa kufuli la nje. Bi Hodi, akiwa na miaka kumi na mmoja, ndiye aliyempelekea chakula, ufunguo ukiwa kwenye uzi shingoni.

"Sikumpigia hodi hata siku moja," anasema. "Ningepigaje, na ufunguo ninao mimi?"

Kufuli liliondolewa zamani, alipoanza kupata dawa. Leo kaka ana miaka hamsini na mmoja na bado anaishi na mama yao, ambaye miguu haimbebi tena. Hadi sasa kaka hajawahi kufunga mlango wake mwenyewe. Ikifika saa ya kulala hukaa kitandani, akisubiri mtu aje kumfungia.

Chumba namba kumi na moja kiko wazi, na kaka amekubaliwa. Anahamia Jumamosi.

"Nitamwonyesha kitanda, nimwonyeshe na komeo," Bi Hodi anasema. "Halafu natoka. Nitasimama hapo nje mpaka nisikie anajifungia."