Shayiri kwenye Hori la Eirlys

Tegwen Prydderch hakuipenda shayiri. Ukiitaja mbele yake, uso ulimbadilika kana kwamba umemtaja mtu aliyemdhulumu. Nimekaa naye jirani miaka mingi hapa chini ya mlima, Wales, tukisali kanisa moja, na sababu yake naijua. Farasi wa kwanza wa Tegwen na dada yake, jike dogo la kijivu, shayiri ndiyo iliyomuua.

Farasi wa milima yetu ni wadogo, mgongo haufiki bega la mtu mzima, na wamezoea nyasi fupi na upepo. Ukiwapa chakula kizito wananenepa vizuri, manyoya yanang'aa, halafu siku moja joto linashuka kwenye kwato na mnyama hasimami tena. Aliyekuwa akiichemsha ile shayiri ni Morfudd, dada mkubwa wa Tegwen, kwa sababu waamuzi wa maonyesho ya farasi wanapenda farasi aliyejaa. Morfudd, Mungu amrehemu, alikuwa na upendo, ila upendo wake ulikuwa wa kulisha. Hata mimi sikuwahi kutoka kwake bila kulegeza mkanda.

Alifariki wakati wa baridi. Siku za mwisho alimshika mdogo wake mkono.

"Eirlys umpeleke maonyesho, Tegwen. Niahidi."

Eirlys alikuwa mtoto wa yule jike aliyekufa, na ndiye pekee aliyebaki bandani. Tegwen akaahidi.

Theluji ilipoyeyuka, Eirlys alikuwa mbavu tupu. Tegwen akaja kwangu, akakaa jikoni na kikombe chake cha chai asikinywe.

"Nimnenepeshe bila kumuua," akasema. "Ndiyo kazi niliyoachiwa."

Akachagua njia ya taratibu. Nyasi kavu aliziloweka kwanza, sukari yake itoke. Akaongeza makapi ya viazisukari, yaliyokwisha kukamuliwa sukari na kuvimba majini, na konzi ya mbegu za kitani zilizochemshwa sana, kwa ajili ya manyoya. Shayiri hata punje moja hakuweka. Kila asubuhi aliinama akashika kwato kwa kiganja, na zikiwa baridi alimshukuru Mungu.

Emrys Pugh, mfugaji mwenzake, alimsimamisha nje ya kanisa.

"Bibi Tegwen, huyo farasi unampeleka maonyesho au unampeleka kuzikwa?"

"Wewe Emrys, shughulika na tumbo lako."

"Langu halina mwamuzi, mama."

Tulicheka sote. Haikuchukua muda Eirlys akaanza kujaa. Mwanzoni tulifurahi. Lakini alijaa upesi mno. Shingo ikavimba juu, ikawa ngumu ukiishika, manyoya yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Emrys akaja kuegemea lango.

"Kumbe unatuficha. Unampa nini?"

"Nyasi."

"Nyasi gani hizo? Nipe na mimi nikampe mke wangu."

Safari hii Tegwen hakucheka. Alikuwa amepunguza chakula, akapunguza tena, na farasi akazidi kunenepa. Alimshuku Emrys kwamba anamlisha kwa siri usiku, akatia kufuli banda, ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi iliyofuata akaniita.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Tegwen alifungua kufuli mbele yangu. Ndani mlinukia shayiri iliyochemshwa, harufu ya jikoni kwa Morfudd, na kwa Tegwen moto ulikuwa haujawashwa. Nikatia mkono ndani ya hori la kulishia. Lilikuwa na joto chini, na punje laini zikaning'ang'ania vidoleni.

Mimi ni mtu wa sala, habari za namna hii sizipendi. Nasema nilichokishika.

Eirlys alikuwa anatafuna. Hakututazama sisi. Alitazama pembeni ya Tegwen, mahali ambapo ungekuwepo uso wa mtu, masikio ameyasimamisha mbele kama anavyofanya akiona anayemletea ndoo. Kisha akanyoosha pua, na midomo ikachezacheza hewani, kwa upole, kama inayopokea kitu kiganjani.

Tegwen aliinama akashika kwato.

"Zina joto," akasema. Halafu, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, utamuua na huyu."

Farasi aliendelea kutafuna.

Tuliomba pale pale, tumeshikana mikono. Kesho yake hori likawa na joto vilevile, na Eirlys akawa anakanyaga kama mtu anayepita kwenye kokoto.

"Ni ile ahadi," Tegwen akaniambia. "Morfudd anamwandaa kwa maonyesho. Maadamu Eirlys anakwenda, dada hataacha kumlisha."

"Basi mtoe kwenye maonyesho."

"Nikimtoa nimemdanganya marehemu. Na ndiye dada niliyekuwa naye."

Alilia kidogo, akajifuta kwa aproni. Kisha akavaa koti, akaenda kuwaambia watu wa maonyesho kwamba Eirlys haji. Aliporudi aliingia bandani, mimi nikabaki mlangoni.

"Nimemtoa, Morfudd," akasema. "Haendi mwaka huu, wala mwakani. Nisamehe, lakini haendi."

Banda likaingia baridi ghafla, mpaka nikajifunika shali. Tangu hapo hori halikupata joto tena. Kwato zikapoa, mbavu zikaanza kuonekana. Tegwen alimhamishia kwenye kiwanja chenye nyasi fupi juu ya nyumba, na kila asubuhi alipita bandani kwanza, akaweka mkono ndani ya hori tupu.

Siku ya maonyesho kijiji kizima kilishuka bondeni. Sisi wawili tulibaki, tukapanda kiwanjani na maji ya Eirlys. Alikuwa anakula. Akainua kichwa, akaanza kutembea, shingo imepinda kidogo kuelekea kushoto, kama aliyeshikwa kamba na mtu anayetembea kando yake. Akazunguka duara pana, akaingia mwendo wa mbio ndogo, akazunguka tena. Kiwanja kizima hakikuwa na mtu. Akasimama katikati, miguu imepangwa vizuri, kichwa juu, akitulia kama anayekaguliwa.

Ndoo ilikuwa imenitoka mkononi. Tegwen alifungua lango, akaingia taratibu, akaenda kusimama pembeni, pale ambapo wangesimama watazamaji.