Vumbi la Mkaa Kwenye Kalibu

Nilitoka Masaki, Kisarawe, nilikokuwa nachoma mkaa, nikaenda Kibaha kuyeyusha risasi ya betri mbovu za magari. Karakana ilikuwa Pangani ya hapo hapo Kibaha, uani kwa bosi, na kazi yangu ilikuwa kumimina. Kabla ya kumimina unapaka kalibu, yaani umbo la kumiminia, unga wa grafaiti, ule mweusi unaoteleza. Risasi juu yake haishiki. Inakuwa matone, yanakimbia huku na huku, yakigusana yanamezana. Niliyaogopa tangu siku ya kwanza. Kitu cha moto kisichotaka kukaa mahali, kitakukalia wewe.

Siku hiyo unga uliisha. Msimamizi akaleta kiroba cha vumbi la mkaa.

"Si vyote vyeusi? Paka."

"Mkuu, hili silo."

"Jamani, mchoma mkaa anaogopa mkaa!" Wenzangu wakacheka.

Nikapaka, vumbi likapeperuka. Sisi wa Masaki vumbi la mkaa tunalinyunyizia maji litulie; mikono ikafanya hivyo yenyewe. Nilipozinduka nikasema, "Limelowa, tulianike kwanza."

"Mimina bwana, gari linasubiri mzigo."

Nikamimina. Maji yakawa mvuke chini ya risasi, ikaruka yote usoni mwangu.

Wodini, macho yamefungwa bandeji, niliwaza jambo moja tu: nitaona, sitaona? Mpwa wangu anayesoma sayansi chuoni akaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, kwa nini mkaa umenirushia risasi, na ule unga haujawahi?"

Akasema grafaiti ni karatasi za kaboni zilizopangana. Moja ikiwa peke yake huitwa grafini, unene wake atomu moja. Atomu za metali nyingi zikitua pale hazipati pa kushika, zinateleza mpaka zikutane, zishikane zenyewe kwa zenyewe. "Ila karatasi ikiwa na tundu, zinanasa. Mkaa wako ni karatasi zilizochanikachanika, mjomba. Maji nayo yanajificha humo."

"Tungelianika je?"

"Kwa jua tu? Yasingetoka yote."

Nikapapasa bandeji. Kumbe hata busara yangu ingeniunguza.

Kule karakana wanasema nilimwaga maji mimi. Kweli, nilimwaga. Lakini msimamizi aliona, na nilimwambia. Na bosi, alipopigiwa simu kwamba unga umeisha, alijibu, "Tumieni kilichopo." Hao wawili ndio walioniumiza.

Daktari alipofungua bandeji niliona dirisha, kwa jicho la kulia. Nikamwomba afungue na kushoto.

Akaniinamia. Akasema, "Nimeshafungua, baba."