Vifaranga Hawasubiri Mgeni Rasmi

Jumatatu asubuhi Fidelia alifungua karakana akakuta mashine yake ya kutotolesha imefungwa utepe. Utepe mwekundu wa kung'aa, umezungushwa mashine nzima kama zawadi ya harusi, na ua kubwa la utepe huohuo limekaa palepale kwenye mpini wa mlango. Ndani mlikuwa na mayai ya watu, yamebakiza wiki moja tu kuanguliwa.

"Nani kafanya huu upuuzi?"

"Upuuzi tena?" Remmy, mwenyekiti wa karakana, alikuwa anapiga picha huo utepe kwa simu. "Dada Fide, mgeni rasmi anakuja Ijumaa kuzindua. Huo mlango asiufungue mtu. Atakata yeye, atafungua yeye, atakuta vifaranga wanatoka. Picha inaenda mtandaoni, tumemaliza."

"Na maji nitayaweka kwa kupitia wapi?"

"Maji ya nini?"

Fidelia alimwangalia. Mashine ina miezi humo ndani, mwenyekiti ameshaitolea maelezo kwa wageni mara chungu nzima, na hajui kwamba mayai yanataka unyevu, wala kwamba Ijumaa yatakuwa bado hayajaanguliwa.

Sasa hiyo karakana yenyewe ipo Makambako, nyuma ya wauza matairi, kwenye chumba kilichokuwa ghala la mahindi. Vijana wanaopenda kuunda vitu walichanga wakakodi, wakaweka meza, soketi na intaneti. Ukiwa na wazo unaingia, unakuta wenzako, mnahangaika nalo pamoja. Wazo zuri kuliko mengi yaliyowahi kupita mji ule. Tatizo letu ni moja: tupe chumba na watu kumi, kabla hatujanunua bisibisi tutakuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi. Karakana ina fulana za rangi mbili. Ina bango. Bisibisi ya nyota ipo moja, na ikiazimwa, kazi imelala.

Na hakuna kitu kinachotumika pale kabla hakijazinduliwa. Mwenzao mmoja aliunda kikaushio cha matunda cha kutumia jua. Kinafanya kazi vizuri sana. Kimefunikwa shuka tangu mwaka jana, kinamsubiri mheshimiwa. Jua linachomoza na kuzama, matunda yanaoza sokoni, kikaushio kiko ndani kimejifunika kama mgonjwa.

Fidelia alizaliwa Lupembe, kwao ni wakulima wa chai. Mjini alikuja kutengeneza simu kwenye kibanda cha sokoni, akabadilisha vioo mpaka akavichukia. Karakana ilipofunguliwa alihamia mwili na roho. Mashine aliiunda kwa friji bovu ambalo mwenye bucha alikuwa analitupa. Balbu za kutoa joto, feni ya kompyuta ya kulisambaza, mota ya waipa ya gari ya kugeuza trei za mayai. Hana simile. Kitu kikishindikana anakitukana, anakifungua, anaanza upya. Watu wanasema ana gubu. Wanaosema hivyo ndio wale wanaoazima bisibisi.

Mayai ya kwanza kabisa, ya majaribio, alipewa na Mama Ema, jina lake Zipora, mfugaji wa kule Wanging'ombe. Trei nzima ya mayai ya kienyeji. Yakaenda vizuri mpaka siku ya kupokea fulana mpya, ambapo Remmy alichomoa mashine ili achomeke sabufa wapige picha wakicheza. Akasahau kurudishia. Baridi ya Makambako unaijua wewe, na ule upepo wake. Mama Ema alipokuja kuchukua vifaranga alikabidhiwa mayai ya baridi. Hakugomba. Aliyafunga kwenye kitenge akaondoka, akaenda kuwaambia wanawake wenzake wa kikundi, na kuanzia hapo Fidelia akikatiza sokoni anasikia, "Fundi, leo umechemsha mangapi?"

Alimfuata Mama Ema nyumbani mara tatu kumbembeleza. Mara ya tatu mama akakubali.

"Mwanangu, hii ndiyo ya mwisho," alisema akimpa trei. "Hawa wakifa, usimwombe yai mtu yeyote huku. Na mimi usinisalimie kwa wiki mbili hivi, nitakuwa na hasira."

Mayai yaliyofungwa utepe ndiyo hayo.

Kwa hiyo Fidelia hakubishana. Alienda duka la dawa akanunua mrija wa dripu, akaupitisha kwenye tundu la feni mgongoni mwa friji, akawa anateremshia maji kwenye beseni la ndani. Mbele utepe uko salama, nyuma kazi inaendelea. Mtu mzima na akili zake anazunguka kinyumenyume kama mwizi kwenye mashine aliyoiunda mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Viti vikapangwa, meza kuu ikatandikwa kitambaa, maji ya chupa yakawekwa. Mgeni rasmi akapiga simu kwamba amebanwa na kikao Njombe, tusogeze hadi Jumanne. Jumatatu, vifaranga wakaanza kulia ndani ya friji.

"Safi sana!" Remmy alishangilia. "Wanajua ratiba!"

Jumanne mgeni rasmi akasogeza tena, sasa Alhamisi. Wengi walikuwa wameshaanguliwa, wanasikika wanakanyagana.

"Wakae humohumo," Remmy alisema.

"Mwenyekiti, kuku hana kalenda."

"Nimesoma. Kifaranga akishatotolewa anaweza kukaa siku mbili, hata tatu, bila kula. Ni sayansi hiyo, Fide."

"Anaweza. Na wewe unaweza kulala stendi siku tatu. Nikupeleke?"

Hapo ndipo Mama Ema alipotokea mlangoni na tenga lake, maana siku aliyoambiwa ilikuwa hiyo.

"Kamwene!"

"Kamwene, mama," Fidelia aliitikia salamu ya kwao.

Mama Ema alisikiliza zile sauti ndogo ndani ya friji. Uso ukalainika. Halafu akauona utepe. "Na huu?"

Remmy akajirekebisha kola. "Mama yetu, tunaomba uvumilivu. Alhamisi mgeni rasmi atawatoa. Wewe utakaa meza kuu kabisa, na fulana tutakupa."

"Fulana inataga?"

"Hapana, mama, ila..."

"Basi kaa nayo. Huyo mgeni wenu ndiye aliyeatamia?"

Fidelia aliomba bisibisi. Ilikuwa imeazimwa. Akachukua kisu cha jikoni, akazunguka nyuma, akalegeza skrubu moja baada ya nyingine, akang'oa bati la mgongoni. Alitoa vifaranga kwa viganja, wawili wawili, akawatia kwenye tenga, huku Remmy anaita jina lake kama anayemzuia mtu asiruke bwawani. Mayai machache hayakuanguliwa. Mama Ema alipekua tenga zima, akageuza kila mmoja aone miguu, kisha akafunika kitenge.

"Hayo yaliyobaki hata kuku huyaacha," alisema. "Nawaambia wenzangu walete."

Akaondoka. Fidelia alikaa chini sakafuni, kisu mkononi, akavuta pumzi ndefu.

Remmy akadhani amebaki na mashine tupu ya kuzindua. Lakini Alhamisi asubuhi wanawake wa Wanging'ombe waliwahi kuliko mgeni rasmi. Walikuja sita, kila mmoja na trei yake, na hawakuwa na muda wa itifaki.

"Tuwekee kulekule nyuma tulikosikia," walisema. Akawawekea, bati akalirudishia kwa skrubu mbili tu.

Mgeni rasmi alifika mchana. Risala ikasomwa. Akapewa mkasi, akakata utepe, makofi, akafungua mlango wa friji mpaka mwisho ili wapiga picha waone mayai yamejaa. Kisha, mlango ukiwa wazi vilevile, akageukia watu na kuanza kuzungumzia nafasi ya vijana katika uchumi wa viwanda.

Upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja kutoka nje. Fidelia alivumilia aya ya kwanza. Alivumilia ya pili. Kipimajoto kinashuka anakiona. Mheshimiwa aliposema "na tatu," Fidelia alinyanyuka, akapita mbele ya meza kuu bila kuinama, akaufunga mlango.

"Samahani mheshimiwa. Baridi inaingia kwa mayai."

Mheshimiwa akabaki na mkasi. Wanawake wa Wanging'ombe wakapiga vigelegele vya nguvu kuliko walivyopiga wakati wa utepe.

Jioni Remmy alimfuata, amekunja uso. "Umetuaibisha. Kamati ya nidhamu inakaa na wewe Jumamosi."

"Jumamosi inayofuata napima mayai kwa tochi nione yenye uhai, na hii ya sasa natengeneza bati la nyuma," Fidelia alijibu bila kugeuka. "Leteni kikao hapahapa. Mmoja wenu atanishikia taa."