Sidii Kwenye Shamba la Ulezi

Mimi ndiye niliyewatangazia watu wa Sumbawanga kwamba Windows ya zamani imekufa. Nilikuwa na kichumba cha kuchapa barua na kadi za harusi, na kila mwenye kompyuta mjini, nao hawakuwa wengi, nilimwendea nikamwekea ile mpya. Soko huria lilikuwa limetuletea mitumba, redio za kaseti, na kompyuta zilizokwisha kuchoka huko zilikotoka. Nami nikajipa cheo cha mtaalamu bila kuombwa na mtu.

Kompyuta yangu ilinunuliwa kwa maksai wawili wa mama. Nilimwambia ng'ombe analima msimu mmoja tu, kompyuta inalima mwaka mzima. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mama akauza, akarudia jembe la mkono. Hakunilaumu, ila kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza, "Hicho chombo chako leo kimelima wapi?"

Ukweli ni kwamba kilikuwa hakilimi. Windows mpya iliizidi nguvu mashine yangu. Ukiwasha asubuhi, unakwenda kunywa chai na maandazi, unarudi, bado inajifikiria. Wateja wakaanza kunikimbia. Bwana harusi mmoja aliamua kuandika kadi zake kwa mkono, na zilipendeza kuliko zangu. Nikaona nikiendelea hivi nitafunga duka, na maksai wa mama watakuwa wamekwenda bure. Nikakata shauri nifute diski yote, niirudishe ile Windows ya zamani, kimya kimya, maana nilikwisha kuifanyia matanga hadharani.

Nikafunga mlango, nikaingiza disketi, nikaandika amri ya kufomati. Kompyuta ikaniuliza kwa adabu kama nina hakika, kwa sababu vyote vilivyomo vitapotea. Nina hakika! Mtaalamu huulizwa? Nikabonyeza Y. Kadi, barua, ratiba za misa, vyote vikaenda na maji. Diski ilipobaki tupu nikafungua droo nitoe sidii ya Windows ya zamani. Kasha lilikuwepo, safi, na namba zake za siri nyuma. Ndani hamna kitu.

Mama yangu! Sidii ilikuwa shambani.

Ulezi ulipoanza kukomaa, mama alikuja mjini analalamika kwamba ndege wanammaliza. Kwa ukarimu wa mtu anayetoa asichokihitaji, nilimchomolea ile sidii. "Itundike kwenye kijiti, mama. Inameremeta, hawatasogea. Hii haina kazi tena."

Nikazunguka mji mzima kuazima nyingine. Wapi! Kila niliyemuuliza alinijibu, "Si wewe uliyesema tutupe?" Mshikaji mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nilitamani kumzaba kofi, lakini alikuwa na baiskeli, na mimi nilikuwa naihitaji.

Nikaiazima, nikashika njia ya Ilemba, baridi ya Ufipa ikinikata masikio, mpaka kijijini kwetu, kabla barabara haijaanza kuteremkia bondeni. Sidii niliiona kabla ya kumwona mama. Ilikuwa inazunguka juu ya kijiti katikati ya ulezi, inatupa mwanga huku na huku, na ndege hata mmoja hayupo. Sikuwahi kuiona Windows ikifanya kazi vizuri namna ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unahema hivyo? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kuchukua kile kidude."

Mama akasimama kati yangu na kijiti. "Thubutu! Si ulisema hakina kazi?"

"Nilikosea. Bila hicho kompyuta ni bati tupu, mama. Nitafunga duka."

Akakitazama, akanitazama. "Kilikuja pamoja na hicho chombo chako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nacho ni cha ng'ombe wangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi hiki ndicho kipande pekee cha ng'ombe wangu kilichorudi shambani," akasema. "Na hicho nacho umekuja kukichukua."

Nikaviangalia viganja vyake vilivyokomaa kwa mpini, nikaona aibu. Mama akakifungua kile kidude mwenyewe, akakifuta vumbi kwa khanga, akanipa.

"Kesho kirudi," akasema.

Jua na vumbi vilikuwa vimeichubua sidii. Mashine iliionja, ikaikataa. Nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua polepole kwa kitambaa, nikaingiza tena huku nasali sala zote nilizokaririshwa kwenye katekisimu. Ikakohoa, ikanyamaza, halafu ikaanza kusoma. Jioni Windows ya zamani ilifunguka kabla hata sijavuta kiti. Nilipiga kelele peke yangu dukani, mtaalamu mzima.

Asubuhi nikapanda tena baiskeli. Nilimsikia mama tangu barabarani. Alikuwa katikati ya ulezi anapiga debe, anawafokea ndege kwa Kifipa, na sauti imemkauka kabisa. Alikuwa akifanya kazi hiyo tangu nilipoondoka, na usiku tu ndio uliompumzisha.

Aliponiona akashusha debe.

"Kimelima?"

"Kimelima, mama."

"Haya," akasema, "kirudishe kazini."